Shangazi, Tumebandua Selotepu

Shangazi Venansia,

Umeshikwa. Nakwambia mapema ili ucheke kwanza, halafu nitakusimulia vizuri. Tangu tukulaze pale juu kilimani Nengo, watu wakipita wanasema marehemu alikuwa mama wa haki, mtu wa sala, hakuwahi kumdhulumu mtu. Mimi naitikia kwa kichwa, nimekunja mikono, mpwa mwenye heshima zake. Kumbe! Haya, tulia hapo ulipo, nitafika huko.

Nyumbani wote wazima. Barabara ya kwenda Ruhengeri imetulia, mabasi yanapita, watu wanasafiri bila kushika roho mkononi. Sanduku lako la bidhaa bado liko chini ya dirisha, na hadi leo kuna watu wanabisha hodi wakiuliza, "Mama Gemu yupo?" Nawaambia Mama Gemu amepumzika, lakini mpwa wake yupo, karibuni. Nauza saa za namba, kalkuleta za kutumia mwanga wa jua, redio ndogo za kusikiliza masikioni. Na gemu za matofali, zile za mkononi za kupanga matofali yanayoanguka, ulizokuwa ukizileta kutoka Goma umezifunga kwenye kitenge.

Lakini biashara yako naiendesha tofauti, nisamehe. Wewe ulikuwa huuzi kitu ambacho hujakichezea wiki nzima. "Siwezi kumpa mtu kitu ambacho sijui tabia yake." Eti tabia! Wateja wakipewa gemu wanakuta vitufe vimeshalainika na betri ziko hoi. Unamkumbuka yule afande mrefu aliyekuja kununua gemu ya mwanawe? Ulimwambia, "Kaa kidogo afande, niko karibu kuvunja rekodi," akakaa na bunduki yake mapajani, akaanza kukuelekeza, "kushoto mama, geuza, geuza hilo la mrefu!" Mwishowe aliondoka na gemu mbili, moja ya mtoto na moja yake mwenyewe. Hakuna muuzaji mwingine mjini angeweza hivyo.

Mimi nawapa vitu vikiwa vipya ndani ya boksi. Wananishukuru, wanaondoka. Hakuna anayekaa. Nakiri hapo ulinizidi.

Sasa mambo mapya, maana najua ungeniuliza hayo kabla ya kuuliza nani kaoa. Simu za mkononi zimefika, Shangazi! Nilishika moja ya mfanyabiashara aliyetoka Kigali. Ni nzito, ina ukubwa wa mche wa sabuni na kijimkia juu. Wenye nazo wanapanda kilimani kutafuta mawimbi, wanasimama pale wanapiga kelele ili watu wote wa chini wajue wanazo. Ungezipenda. Ungeifungua kwa kisu cha jikoni kabla jua halijazama.

Na kuna mchezo wa karata ndani ya kompyuta ya kazini kwangu, kule kwenye ofisi ya fotokopi. Unapanga karata peke yako, unashinda peke yako, unashindwa peke yako. Nimeucheza sana, sitakudanganya, lakini kwa maoni yangu ni kazi ya ofisi iliyovaa nguo za mchezo. Gemu ya matofali haina hata rangi, ila mtu anaweza kukuegemea begani na kukutukana ukikosea. Kwangu mimi chombo kizuri ni kile kinachowavuta watu wawili kwenye kiti kimoja. Haya ni maneno yako, najua. Nimeyaiba. Kwenye ukoo huu tunaiba, kama utakavyoona.

Unakumbuka ugomvi wetu mkubwa? Nilikuletea habari kwamba Ulaya watu wanacheza kwa waya wa simu, mmoja mji huu, mwingine mji ule, hawaonani hata uso. Mimi nilikuwa nimewaka. Nilikuambia siku moja na wewe utacheza na mwenzako wa bao, Mama Rehema wa Bukoba, hivyohivyo, umekaa hapa hapa Gisenyi unakunywa chai. Ulinitazama kama nimekuletea betri zilizovuja.

"Mtu usiyemwona anaiba."

Nikakwambia mashine haiwezi kuiba. Ukasema, "Sijasema mashine, Donata. Nimesema mtu." Ulisema kwa uhakika mno, Shangazi. Ningeshtuka hapo hapo, lakini nani amshuku shangazi yake?

Mabao yenu yale mawili. Nikiwa mdogo kule Bukoba nilidhani kila nyumba ina wanawake wawili wanaogombana juu ya bao tangu mchana mpaka ugali uungue. Wanaume walisema bao si la akina mama, nanyi mkawaambia sawa, kaeni basi mtufunge, wakakaa, mkawafunga. Huku wanaliita igisoro, na bado nikilitaja kazini wanaume wanacheka kidogo. Wewe na Mama Rehema mlikuwa mmeyapa mashimo majina yenu wenyewe: kisimani, sokoni, kwa padri, kwa mkwe. Nikawa nasikia, "Natoka kisimani nakula mpaka kwa mkwe!" nikadhani mnapanga safari.

Halafu tukafungasha kurudi Rwanda, na siku ya mwisho mchezo ukawa katikati. Hakuna aliyekubali kuuvunja. Mkapanga kete kwenye mabao yote mawili zifanane, shimo kwa shimo, mkafunika kila shimo kwa selotepu kutoka kwenye sanduku lako, kila mmoja akabeba lake. Na mkawekeana sharti mkiwa mnacheka huku mnalia: atakayeshindwa ndiye atakayepanda basi kumfuata mwenzake. Mkajaribu kumalizia kwa posta. Barua ya kwanza ilifika baada ya msimu mzima wa mvua, ya pili haikufika, mkachoka. Bao likakaa juu ya kabati lako na selotepu yake.

Siku zako za mwisho ulikuwa na gemu mkononi, kidole gumba kimoja tu ndicho kilichokuwa na nguvu, matofali yanaanguka ovyo nawe hujali. Ulikuwa unatazama juu ya kabati. "Mama Rehema atakuja. Kwa bao lile hana pa kukimbilia." Mimi nilidhani ni homa inasema. Nikakupangusa paji la uso, nikasema ndiyo, atakuja. Hakuja. Barabara zilikuwa mbaya wakati ule, tulikuzika majirani na sisi wachache, na yeye akapata habari umeshawekwa kaburini. Baada ya hapo akanyamaza kabisa. Nilimwandikia nisipate jibu. Hilo liliniuma karibu sawa na kukuzika, Shangazi, maana yeye ndiye mtu pekee aliyebaki anayejua nilivyokuwa mtoto. Nilimtaka. Nilimtaka aje akae kwenye kiti chako anitukane kidogo.

Basi sikia sasa. Papa Modeste, yule patroni wangu, bosi mwenye ofisi ya kupiga chapa na fotokopi karibu na soko, mwenye ndugu nusu Goma nusu hapa, alinunua modemu! Kiboksi kidogo, taa nyekundu mbele, kinaunganishwa na waya wa simu na kompyuta. Ukikiwasha kinapiga simu Kigali chenyewe, kinalia kriii, kinakohoa, kinazomea, halafu kimya. Halafu kimeingia, na barua zinapita. Papa Modeste alishika kichwa: "Eh, iyi kintu iko nalia sawa mutoto!" Mimi nilicheka kwa furaha nikageuka haraka nikwambie.

Niligeuka kweli, Shangazi. Nimefungua mdomo kabisa. Nikaona fotokopi.

Haya. Rehema, yule binti tuliyekuwa tunaruka naye kamba, siku hizi anafanya kazi kwenye ofisi ya kahawa Bukoba, na kwao pia kuna kompyuta na imeili. Niliipata anwani yake kwa kupitia watu watatu. Nikamwandikia mstari mmoja tu, ampelekee mama yake: "Bao la Venansia bado limefungwa. Ni zamu yako." Nikakaa naitazama ile taa nyekundu siku mbili, hata chai sionji. Siku ya tatu likaja jibu, maneno ya mama yake. "Mwambie yule mtoto natoka sokoni. Ajiandae."

Loo! Nilipiga yowe, mteja akaangusha vyeti vyake vya ubatizo.

Nililishusha bao kabatini tukaliweka ofisini juu ya meza ya fotokopi. Nikabandua selotepu polepole. Nikaona kila shimo lina selotepu tabaka mbili, ya zamani ya njano na nyingine juu yake safi kidogo. Nikasema moyoni, uangalifu gani huu, alikuwa anazilinda kete kama mayai. Mjinga mimi! Tukaanza. Rehema anaandika jina la shimo, mimi nalitafuta, nazungusha kete za mama yake, halafu nafikiri langu. Sikuwa peke yangu. Papa Modeste alikuwa mshauri, na wanawake wa sokoni wakipita na vitunguu vyao wanasimama mlangoni, "Amejibu? Amejibu?" Muuza sambaza mmoja, wale dagaa wa ziwani, alinizuia nisikosee kwa kupiga meza mpaka ndoo yake ikamwagika. Nilikuwa nakujibu kila siku kimoyomoyo: unaona kelele hii? Unasema mchezo wa waya hauna watu?

Sasa kukawa na kaugumu. Mara kwa mara Mama Rehema anacheza kutoka shimo lenye kete moja, na unajua mwenyewe kete moja haichezeki. Nikadhani uzee. Nilimwonea huruma, nikataka kumwandikia, Papa Modeste akanikataza. "Donata, uyu mama iko muzee. Bon, tumuheshimu tu. Mucheze ile ya pembeni." Kwa hiyo kwa adabu, bila kumwambia, nikawa namchezea shimo la jirani. Mara nne, mara tano. Hata hivyo tukamla vizuri, akabaki na kete moja moja upande wake wote, hana pa kwenda. Ofisi nzima ikalipuka. Nikaandika kwa heshima zote: "Mama, pole. Umeshindwa. Panda basi, uje."

Jibu lilikuja siku ileile, Rehema ameandika kwa herufi kubwa tupu. "MAMA ANASEMA AMEKUFUNGA TANGU JUZI. ANASEMA BAO LAKO HALINA HATA KETE MBILI PAMOJA. PANDA BASI WEWE."

 Nikalihesabu bao upya. Ushindi wangu ulikuwa pale pale, wazi kabisa. Papa Modeste akailaumu modemu, akaifungua, akaipuliza. Nikaandika, akaandika. Ikatoka kwamba na yeye alikuwa ananihurumia! Eti nilikuwa nacheza mashimo ambayo hayachezeki, akadhani mtoto wa mashine hajui bao, akawa ananichezea la jirani kwa ajili ya marehemu. Adabu juu ya adabu, Shangazi, mpaka tukawa tunacheza michezo miwili. Lakini kosa la kwanza lilitoka wapi? Mabao yalifanana! Mimi nikaapa langu sijaligusa. Yeye akaapa lake alilifungua mbele ya wajukuu. Akakasirika kweli, akakata mawasiliano. Siku tano, kimya. Nikaanza kulia pale kazini, maana nilimpata nikampoteza, na nimempoteza kwa kile kile nilichokuwa nakisifia. Ulinionya na sikusikia.

Jumatano, mchana kweupe, naitwa nje. Mwanamke mnene, kitenge cha kijani, vumbi la mabasi matatu mpaka kwenye nyusi, magoti yanamsumbua anayapiga ngumi. Bao kwapani. Hakusalimia.

"Leta la kwako. Leo mwizi ataonekana."

Nilimkumbatia na bao lake likanichoma mbavu. Alinuka kahawa na safari. Akanishika uso kwa mikono miwili, akasema, "Umekuwa Venansia mtupu," halafu akarudi kwenye ukali wake, maana alikuwa hajamaliza kukasirika.

Hakutaka chai, hakutaka maji. Alitaka kwanza kwenda kwako. Tukapanda Nengo, yeye anasimama kila baada ya nyumba tatu kupumua, na majirani nyuma, Papa Modeste nyuma yao, ofisi kaifunga. Alipofika kwenye kaburi lako alikaa chini kwenye majani, bao lake mapajani. Halafu akasema, kwa sauti yake ya zamani, "Haya, Venansia. Tuangalie."

Akaniuliza bao letu lilivyokuwa siku nilipobandua selotepu. Nilikuwa nimelichora kwenye karatasi kabla ya kuanza, unanijua, mimi ni mtu wa ofisi. Akalitazama. Akaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikapiga magoti kumshika, kumbe mama wa watu anacheka mpaka hewa haitoki.

Akafungua kitambaa chake cha kahawa, zile za kutafuna ambazo Bukoba wanampa mgeni, akachimba vishimo ardhini pembeni yako kwa kidole, akapanga kahawa mojamoja kutoka kichwani. "Hivi ndivyo ilivyokuwa siku mnaondoka. Ukweli ni huu." Halikuwa bao langu. Wala halikuwa bao lake. Tukaelewa wote pamoja. Wanawake wakapiga vigelegele, Papa Modeste akavua kofia: "Donc… wote wawili wezi?"

Wote wawili. Mama Rehema alikiri palepale. Kabla basi letu halijafika hata Karagwe, alibandua selotepu yake, akahamisha kete tatu, akabandika mpya juu yake. "Alikuwa ananishinda," alisema. "Nilijua nitashindwa." Na wewe, Shangazi, kwa hesabu ya kahawa zile, ulihamisha nne! Mama wa haki! Mtu wa sala!

Halafu kicheko kikamwishia. Akaiangalia ile kahawa chini. "Mimi niliiba kwa sababu nilikuwa nashindwa. Yeye alikuwa anashinda tayari. Aliiba kwa nini?"

 Mimi nilijua. *Kwa bao lile hana pa kukimbilia.* Uliogopa ushindi wako ni mwembamba. Ulitaka ashindwe kabisa kabisa, asiwe na njia, apande basi aje. Nilipomwambia maneno yako ya mwisho alijifunika uso kwa kitenge. Alisema kutoka humo ndani kwamba na yeye hakuiba ili ashinde. Aliiba ili urudi Bukoba.

Tulikaa hapo na wewe mpaka kahawa zote zikatafunwa. Tulitafuna bao zima, Shangazi, ukweli wote tukaumeza, na lilikuwa tamu. Mama Rehema alikusimulia habari za watu wote wa mtaa ule, nani kafa, nani kajenga, nani kakimbiwa na mume akanenepa. Siku zilizofuata alilala kwenye kitanda chako na kucheza gemu yako ya matofali, na mteja akibisha hodi anamwambia, "Kaa kidogo, niko karibu kuvunja rekodi." Wanakaa! Wateja wamerudi kukaa.

Ameondoka jana asubuhi. Kabla ya basi tulianza mchezo mpya, mabao mawili, hatukuumaliza kwa makusudi. Tukapanga kete zifanane mbele ya mashahidi, Papa Modeste akakagua shimo kwa shimo na miwani yake, tukafunika kwa selotepu. Sharti ni lile lile, atakayeshindwa atamfuata mwenzake, na kuanzia Jumatatu tutacheza kwa modemu. Tumeapa juu ya jina lako, ambalo sasa kwa kuapia halina thamani sana.

Sasa nikuage, Shangazi. Ulikuwa na haki: mtu usiyemwona anaiba. Na mimi nilikuwa na haki: bila ule waya asingekuja. Tusigombane tena. Lala ukicheka. Nitakuja Jumapili nikubadilishie maua na nikwambie simu za mkononi zimefikia ukubwa gani.

Na ahadi yangu ni hii. Jana basi lilipopinda kona, nilimwona dirishani anayapiga magoti yake ngumi. Mabasi matatu, Shangazi, kwa magoti yale. Nikarudi nyumbani, nikafunga mlango, nikabandua selotepu. Nimehamisha kete nne kutoka upande wangu kwenda upande wake. Nimebandika mpya juu, safi, huwezi kujua. Na yeye akicheza shimo lisilochezeka, nitanyamaza.

Safari hii nitashindwa vibaya sana, na nitapanda basi mimi.

Mpwa wako mwizi,
Donata